KISIMA KINAPOFUNGWA: HISABATI YA KUFASIRI MAJARIBIO YA KANIENEO KATIKA VISIMA VYA MAFUTA NA VYA MAJI

0. Utangulizi

Mafuta ya petroli hayakai chini ya ardhi kama maji yakaavyo katika birika. Hukaa ndani ya mwamba, katika vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kama maji yakaavyo katika mchanga wa mtoni. Aliyetoboa kisima cha kina cha mita elfu mbili huwa ameugusa mwamba huo kwa tundu lisilozidi upana wa sahani ya kulia. Kutokana na tundu hilo moja anatakiwa ajibu maswali mazito: mwamba unapitisha mafuta kwa wepesi gani? Mafuta hayo yameenea hadi wapi? Je, kuna ukuta wa mwamba unaoyazuia upande mmoja? Je, yatatoka kwa miaka thelathini au kwa miezi mitatu?

Majibu hayapatikani kwa kuchungulia. Hupatikana kwa kuteremsha kisimani chombo cha kupimia kanieneo, kuacha kisima kitoe mafuta kwa muda, kukifunga, na kuandika jinsi kanieneo inavyoshuka na kupanda saa baada ya saa. Orodha ya namba inayotokana na kazi hiyo haisemi kitu mpaka ifasiriwe, na ufasiri wake ni kazi ya hisabati.

Makala hii inakusudia kueleza misingi ya hisabati hiyo kwa wasomaji ambao wengi wao ni watu wa lugha, si wahandisi. Sababu ni mbili. Kwanza, namba hizo ndizo zinazoamua kama nchi ina mafuta au ina matumaini tu, na raia asiyeelewa namna zinavyopatikana hana budi kuamini lolote analoambiwa. Pili, hisabati ileile hutumika katika visima vya maji, na mjini Lubumbashi kisima cha maji ni jambo linalomgusa kila mwenye nyumba. Kama elimu hiyo haielezeki kwa Kiswahili, basi mchimbaji wa kisima na mwenye kisima wataendelea kufanya kazi kwa kubahatisha.

1. Istilahi chache za lazima

Neno la kwanza ni lile la kichwa cha makala. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema presha, na wengi hulihusisha neno hilo na ugonjwa. Maandishi mengine hutumia shinikizo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, ni miongoni mwa kazi zilizoeneza istilahi za sayansi za aina hii, na wanafizikia wa Kiswahili wanalo neno kanieneo. Faida ya neno hili ni kwamba linabeba maana yake waziwazi: ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Anayelijua neno anaijua fomula. Ndiyo sababu limechaguliwa hapa.

Neno la pili ni hazina. Litatumika kwa maana ya mwamba wote wenye kubeba mafuta, gesi au maji, pamoja na kiowevu kilichomo. La tatu ni upenyekaji, yaani kadiri mwamba unavyokubali kiowevu kipite ndani yake. Upenyekaji usichanganywe na wingi wa vitundu. Udongo wa mfinyanzi una vitundu vingi sana lakini haupitishi maji upesi. Changarawe ina vitundu vichache kuliko mfinyanzi huo, lakini maji hupita kwa kasi. La nne ni mnato, yaani uzito wa kiowevu katika kutiririka: asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. La mwisho ni kinyambuo, ambalo litaelezwa mahali pake.

2. Mlinganyo uliotoka kwenye joto

Msingi wa elimu hii uliwekwa mwaka 1856 na mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon. Aliyapitisha maji katika safu ya mchanga akaona kwamba wingi wa maji yanayopita hulingana na tofauti ya kanieneo kati ya ncha mbili za safu hiyo, na hupungua safu inapokuwa ndefu. Kanuni hii, iitwayo kanuni ya Darcy, inahusu mtiririko uliokwisha kutulia. Haisemi kitu juu ya wakati.

Wakati uliingizwa kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1822 Joseph Fourier alikuwa ametoa kitabu chake juu ya nadharia ya joto, ambamo alieleza kwa mlinganyo mmoja jinsi joto linavyosambaa katika chuma. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Charles Vernon Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini aliyefanya kazi New Mexico nchini Marekani, alitambua kwamba maji yanayovutwa kutoka katika mwamba hufuata sheria ileile. Kisima kinachovutwa ni kama msumari baridi uliopigiliwa katika bamba la chuma chenye joto: ubaridi huenea kwa duara linalozidi kupanuka, kwa haraka mwanzoni, kisha polepole. Kwa msaada wa mwanahisabati Clarence Lubin, Theis alitoa mwaka 1935 suluhisho linaloonyesha kiasi maji yanavyoshuka mahali popote na wakati wowote kisima kinapovutwa.

Kwa maneno, mlinganyo wa msingi unasema hivi: kasi ya kubadilika kwa kanieneo mahali fulani hutegemea jinsi kanieneo ya mahali hapo inavyohitilafiana na wastani wa majirani zake. Mahali penye kanieneo ndogo kuliko majirani hupokea kiowevu, na kanieneo yake hupanda. Kasi yenyewe huongezeka upenyekaji unapokuwa mkubwa, na hupungua kadiri mnato, wingi wa vitundu na kubanika kwa kiowevu vinavyoongezeka.

Kutokana na mlinganyo huo hutoka kanuni moja ambayo msomaji anafaa kuishika kuliko zote: umbali unaofikiwa na habari za kisima hukua kama kipeo cha pili cha wakati kilivyo, lakini kinyume chake. Yaani, ili jaribio lione mbali mara mbili, ni lazima lidumu mara nne. Ili lione mbali mara kumi, lidumu mara mia. Kuongeza nguvu ya pampu hakusaidii. Pampu kubwa huifanya dalili ionekane wazi zaidi, lakini haiifikishi mbali zaidi. Katika kazi hii hakuna kinachochukua nafasi ya subira.

3. Kisima cha maji kama shule

Njia rahisi ya kuielewa hisabati hii ni kuanza na maji. Mwaka 1946 H. H. Cooper na C. E. Jacob walionyesha kwamba, baada ya muda mfupi wa mwanzo, suluhisho la Theis hugeuka kuwa jambo rahisi: mtu akichora mshuko wa maji dhidi ya logi ya wakati, anapata mstari ulionyooka. Maana yake ni kwamba maji hushuka kiasi kilekile kati ya dakika ya 1 na ya 10, kati ya 10 na 100, na kati ya 100 na 1,000. Kila hatua ya mara kumi huleta mshuko uleule.

Mwinamo wa mstari huo ndio unaotoa jibu. Ukiitwa Δs, na kiasi cha maji yanayovutwa kikiitwa Q, basi uwezo wa tabaka zima wa kupitisha maji, yaani T, ni:

T = 0.183 × Q ÷ Δs

Chukuliwe mfano wa kubuni. Kisima kimechimbwa uani mwa nyumba mjini Lubumbashi mwishoni mwa majira ya mvua. Pampu inavuta mita za ujazo 10 kwa saa, yaani 240 kwa siku. Maji yanashuka mita 3 katika dakika ya kwanza, mita 5 ifikapo dakika ya 10, na mita 7 ifikapo dakika ya 100. Mwinamo ni mita 2 kwa kila hatua. Kwa hiyo T ni 0.183 mara 240, gawanya kwa 2, ambayo ni karibu mita za mraba 22 kwa siku.

Mchimbaji ameridhika. Saa moja na nusu zimepita, na mstari umenyooka. Anauendeleza kwa rula: dakika ya 1,000 maji yatakuwa yameshuka mita 9, na dakika ya 10,000, yaani takriban siku saba, mita 11. Pampu imewekwa mita 14 chini ya kiwango cha awali cha maji. Inabaki akiba ya mita 3, na mwenye nyumba analipa.

Lakini tuseme kwamba upande mmoja wa kisima, mbali kidogo, mwamba wenye maji unakatwa na mwamba usiopitisha kitu. Habari za kuvutwa kwa maji hufika kwenye ukuta huo na kurudi. Hisabati inaonyesha kwamba ukuta ulionyooka hufanya kazi sawasawa na kisima cha pili, kama kivuli katika kioo, kinachovuta kwa nguvu ileile upande wa pili wa ukuta. Tokeo lake ni kwamba mwinamo unazidishwa kwa mbili. Ikiwa badiliko hilo linaanza kujionyesha baada ya dakika ya 100, basi dakika ya 1,000 mshuko hautakuwa mita 9 bali karibu 11, na dakika ya 10,000 hautakuwa 11 bali karibu 15. Pampu iko mita 14. Siku ya saba inavuta hewa.

Hakuna aliyedanganya. Namba zote zilizoandikwa zilikuwa za kweli. Kosa lilikuwa kuusimamisha mtihani kabla ya mwamba kumaliza kujibu. Na kwa kuwa kiangazi cha Katanga hudumu kwa miezi mingi bila mvua, kiwango chenyewe cha awali hushuka kadiri Septemba na Oktoba zinavyokaribia, na akiba iliyodhaniwa kuwapo huliwa pande mbili.

Ukubwa wa hesabu hii huonekana zaidi migodini. Mgodi wa Kipushi, ulioko kiasi cha kilomita 30 kutoka Lubumbashi, umechimbwa chini ya ardhi tangu miaka ya 1920 katika eneo lenye miamba ya dolomia inayobeba maji mengi. Uzalishaji ulisimama mwaka 1993, lakini pampu zilitakiwa ziendelee, kwa sababu maji hayajui kwamba kazi imesimama. Mwaka 2011 pampu zilishindwa, na maji yakapanda mpaka kiasi cha mita 850 chini ya uso wa ardhi, kabla ya kazi ya kuyavuta tena kuanza. Uzalishaji ulirejea mwaka 2024. Kupanda huko kwa maji, ambako kwa mhandisi wa mgodi ni balaa, kwa mwanahisabati ni sura kubwa ya jaribio linaloelezwa katika sehemu inayofuata.

4. Kufunga kisima ili kiseme

Katika visima vya mafuta, kupima wakati wa kutoa kuna taabu yake. Mtiririko hautulii, leo ni mwingi, baada ya saa moja umepungua, na kila badiliko huitikisa kanieneo. Kwa hiyo wahandisi hupendelea kupima kisima kikiwa kimefungwa. Kisima kilichofungwa kina mtiririko mmoja tu unaojulikana kwa hakika, nao ni sifuri.

Mbinu iliyotawala kazi hii ilitolewa na D. R. Horner mwaka 1951, katika Kongamano la Tatu la Dunia la Petroli mjini The Hague. Hoja yake ni nyepesi. Kufunga kisima si tendo jipya kihisabati: ni sawa na kukiacha kisima kiendelee kutoa, kisha kuanzisha mahali palepale kisima kingine kinachoingiza kiasi kilekile. Moja linashusha kanieneo, jingine linaipandisha. Jumla ya mtiririko ni sifuri. Theis alikuwa amekwisha kulitumia wazo hilo kwa maji. Kutokana nalo, kanieneo hupanda katika mstari ulionyooka ikichorwa dhidi ya logi ya uwiano huu:

(muda wa kutoa + muda wa kufungwa) ÷ muda wa kufungwa

Tuchukue tena mfano wa kubuni. Kisima kimetoa mafuta kwa saa 72, kisha kimefungwa. Baada ya dakika 44 uwiano ni karibu 100, na kanieneo ni bar 190. Baada ya saa 8 uwiano ni 10, na kanieneo ni bar 195. Mwinamo ni bar 5 kwa hatua. Uwiano hauwezi kufika 1 isipokuwa kisima kikifungwa milele, lakini rula inaweza kufika mahali ambapo saa haifiki: mstari ukiendelezwa hadi 1 unasoma bar 200. Hiyo ndiyo kanieneo ya hazina kabla ya kuguswa na mtu.

Mwinamo unatoa upenyekaji kama ulivyofanya kwa maji. Ikiwa kisima kilitoa mita za ujazo 200 kwa siku zilizopimwa juu ya ardhi, ambazo chini ni 220 kwa sababu mafuta yaliyo kisimani yamebeba gesi ndani yake. Ikiwa mnato ni mara tano ya ule wa maji. Na ikiwa tabaka lina unene wa mita 10, basi hesabu huleta upenyekaji wa karibu nusu ya darsi. Darsi ni kipimo kilichopewa jina la mtu wa Dijon. Mwamba wa nusu ya darsi ni mwamba mwema.

Mbinu hiyo hufichua pia jambo jingine ambalo lina jina la kupendeza. Matope yanayotumika kutobolea kisima huziba vitundu vya mwamba karibu na tundu, na kisima kizuri huonekana kibovu. Mwaka 1953 A. F. van Everdingen na W. Hurst, kila mmoja kwa makala yake, walipendekeza kizuizi hicho kihesabiwe kana kwamba ni ngozi nyembamba inayozunguka kisima. Namba ya ngozi ikiwa chanya, kisima kimejeruhiwa na kinaweza kutibiwa kwa asidi. Ikiwa hasi, mwamba wa karibu umefunguka kuliko ulivyoumbwa. Bila hesabu hii, mtu angekitupa kisima chenye ugonjwa wa ngozi akidhani kimekufa moyo.

Kwa gesi hali hubadilika kidogo, kwa kuwa mnato na kubanika kwa gesi hubadilika pamoja na kanieneo yenyewe. Mwaka 1966 Al-Hussainy, Ramey na Crawford walionyesha namna ya kuigeuza kanieneo kuwa kiasi kingine cha kihesabu ambacho huirejesha gesi kwenye mlinganyo uleule wa viowevu. Hazina za gesi kama ile ya Songo Songo nchini Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutoa gesi kwa Dar es Salaam mwaka 2004, ni za aina inayohitaji hesabu hiyo.

5. Kinyambuo, au sarufi ya grafu

Mstari ulionyooka una udhaifu wake: jicho la mtu huuona mahali popote linapotaka kuuona. Wahandisi wawili wenye namba zilezile waliweza kuchora mistari miwili tofauti na kupata hazina mbili tofauti. Dawa ilipatikana mwaka 1983, pale Dominique Bourdet na wenzake walipopendekeza kwamba badala ya kuchora kanieneo peke yake, ichorwe pia kasi yake ya kubadilika kwa kadiri ya logi ya wakati.

Kasi hiyo ndiyo inayoitwa hapa kinyambuo. Wanafunzi wa isimu watalitambua neno. Mtu hunyambua kitenzi piga akapata pigia, pigwa, pigana. Umbo jipya linadhihirisha uhusiano uliokuwa umefichika katika mzizi. Katika hisabati nako, kunyambua ni kutoa katika mfululizo wa namba umbo jingine linaloonyesha kile ambacho mfululizo wenyewe ulikificha. Mabadiliko madogo yasiyoonekana katika kanieneo hujitokeza waziwazi katika kinyambuo.

Kikichorwa kwa logi pande zote mbili, kinyambuo kina maumbo machache yanayojirudia, na kila umbo lina maana yake. Kikipanda pamoja na kanieneo kwa mwinamo wa moja mwanzoni kabisa, kinachosikika si mwamba bali ni kiowevu kilichomo ndani ya kisima chenyewe kikibanwa au kikipanuka. Kikitulia na kuwa mlalo, mafuta yanakuja kutoka pande zote kwa duara. Ule ndio mstari wa Horner. Kikipanda kutoka mlalo mmoja hadi mlalo wa pili ulio mara mbili ya ule wa kwanza, kuna ukuta upande mmoja. Katika kisima cha Lubumbashi cha mfano wa kwanza, kingekuwa kimesimama kwenye mita 0.87, kisha kikapanda hadi 1.74, na hakuna ambaye asingeliona badiliko hilo. Kikipanda kwa mwinamo wa nusu, hazina ni nyembamba na ndefu kama mfereji. Kikianguka, kuna chanzo kinachoisaidia hazina, kama tabaka kubwa la maji chini yake au gesi juu yake.

Haya yote yasingewezekana kwa kalamu na karatasi peke yake. Tangu mwaka 1949 van Everdingen na Hurst walikuwa wameonyesha kwamba matatizo haya hutatulika kwa wepesi katika ulimwengu wa kihesabu wa Laplace, lakini kurudi kutoka huko kulikuwa kugumu. Mwaka 1970 Harald Stehfest alitoa utaratibu mfupi wa kurudi kwa kutumia kompyuta, na tangu hapo hata hazina zenye maumbo magumu zikahesabika.

6. Utata

Msomaji wa lugha atauliza: je, umbo moja haliwezi kuwa na maana mbili? Linaweza. Neno kaa lina maana ya kuketi, ya mnyama wa pwani na ya kipande cha makaa, na ni muktadha unaoamua. Kinyambuo nacho kina maneno yake yenye utata.

Utata ulio mbaya zaidi ni huu. Kisima kikifungwa, kinyambuo huanguka mwishoni katika hali mbili zilizo kinyume kabisa. Huanguka ikiwa hazina inasaidiwa na chanzo kikubwa, jambo ambalo ni heri. Na huanguka ikiwa hazina imefungwa pande zote kama chungu chenye mfuniko, jambo ambalo ni onyo. Umbo ni lilelile. Tofauti inapatikana mahali pengine: katika hali ya kwanza kanieneo hurejea pale ilipokuwa kabla ya kisima kufunguliwa, katika hali ya pili hutulia chini yake, kwa sababu kilichotolewa hakikurudishwa na yeyote. Aidha, kipimo kilichofanywa wakati wa kutoa husaidia, kwa kuwa hapo chungu kilichofungwa hupandisha kinyambuo badala ya kukiangusha.

Kwa hiyo hisabati haitoi jibu moja. Hutoa orodha ya majibu yanayowezekana na kuyakataa mengine yote. Kuchagua katika orodha hiyo ni kazi ya jiolojia, ya tetemeko la kupimia, na ya busara. Ripoti inayotaja jibu moja bila kutaja majibu yaliyoachwa haijakamilika.

7. Mipaka ya nchi na mipaka ya hazina

Umuhimu wa mambo haya unaonekana wazi katika Ziwa Albert, ambalo linagawanywa kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2006 visima vya Mputa-1 na Waraga-1 upande wa Uganda vilithibitisha kuwapo kwa mafuta. Jaribio la Waraga-1 lilitangazwa kuwa limetoa jumla ya mapipa zaidi ya 12,000 kwa siku. Tangazo hilo lilikuwa la kweli, lakini lilihitaji kusomwa kwa makini: ilikuwa ni jumla ya tabaka zilizopimwa moja baada ya nyingine. Isitoshe, kiasi kinachotoka katika siku za jaribio kinaeleza afya ya kisima, wala hakielezi umri wa hazina. Uganda ilifikia uamuzi wa mwisho wa uwekezaji mwezi Februari 2022, miaka 16 baadaye. Nchini Kenya nako, baada ya kisima cha Ngamia-1 kupata mafuta huko Turkana mwaka 2012, yalihitajika majaribio marefu katika maeneo ya Amosing na Ngamia mwaka 2015, ili mwamba uulizwe kwa muda wa kutosha.

Upande wa Kongo wa ziwa haujatoa mafuta ya biashara. Hata hivyo, mwamba haujui mpaka. Mwaka 1990 Zaire na Uganda zilitia sahihi mkataba wa kushirikiana katika kutafuta mafuta na kuchimba hazina za pamoja. Mwaka 2007, baada ya makabiliano ziwani ambamo watu walipoteza maisha, viongozi wa nchi hizo mbili walikutana Ngurdoto, Tanzania, na kukubaliana upya. Maneno hazina ya pamoja ni mepesi kuandikwa katika mkataba. Lakini kuna njia gani ya kujua kama hazina fulani ni moja au ni mbili?

Njia ipo, nayo ni jaribio la kuingiliana. Kisima kimoja hufunguliwa na kufungwa kwa zamu. Katika kisima kingine, kilicho kilomita kadhaa mbali, chombo husubiri kimya. Kanieneo ya kisima cha pili ikitikisika kwa kufuata zamu za kile cha kwanza, basi viwili hivyo vinakunywa katika chungu kimoja, hata kama bendera juu yao ni mbili. Isipotikisika kwa muda ambao hesabu inautaka, huenda kuna ukuta kati yao. Jaribio la namna hiyo humaliza mabishano ambayo ramani haiwezi kuyamaliza. Lakini lina sharti: pande zote mbili ziwe na visima, ziwe na vyombo, na ziwe na watu wanaoweza kusoma vinyambuo. Nchi isiyo na watu hao itasomewa barua yake na jirani.

Mwezi Julai 2022 serikali ya Kongo ilizindua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi. Mwezi Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ulifutwa. Katika muda huo namba nyingi za mapipa zilitajwa hadharani. Msomaji aliyefuata maelezo haya hana budi kuuliza swali moja tu kila anaposikia namba kama hizo: je, kuna kisima kilichopimwa, na kilipimwa kwa muda gani?

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ufasiri wa majaribio ya kanieneo unategemea mlinganyo mmoja uliotoka kwenye nadharia ya joto. Kwamba mlinganyo huo hutumika sawasawa kwa mafuta ya Ziwa Albert, kwa gesi ya Songo Songo na kwa maji ya Katanga. Kwamba mbinu za Theis, Horner na Bourdet ni hatua za kazi moja. Na kwamba umbali unaoonekana hununuliwa kwa wakati, si kwa nguvu.

Imeonyesha pia kwamba mambo haya yanasemeka kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kongo hujifunza mtiririko, mnato na upenyekaji kwa Kifaransa, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya upo pale elimu inapobaki darasani kwa kuwa haina maneno ya kuvukia mlango. Mchimbaji wa visima mjini hatasoma Horner. Lakini anaweza kuambiwa kwa lugha yake kwamba apime maji dakika ya 1, ya 10, ya 100 na ya 1,000, aangalie kama hatua zinalingana, na asiondoke ikiwa hatua ya mwisho imezidi zile za kwanza. Sentensi hiyo moja, ikisemwa mahali panapostahili kabla ya kiangazi, ingeziokoa pampu nyingi na fedha za watu wengi. Kazi ya kuitunga na kuieneza ni ya wahandisi na wanaisimu kwa pamoja.